Majivu ya Volkano: Ndege za Abiria Zinalindwa, Kuku Wetu Je?



Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Inayotua pale KIA inaitwa ndege, na yule anayelala kwenye mti wa parachichi nyuma ya nyumba yako naye ni ndege. Wote wawili wanavuta hewa kwa nguvu, na wote wawili wanaharibiwa na majivu ya volkano. Tofauti ni kwamba mmoja ana watetezi dunia nzima, na mwingine hana hata mstari mmoja kwenye mpango wa kijiji.

Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, eneo la Afar nchini Ethiopia, ulilipuka. Majivu yakavuka Bahari ya Shamu kuelekea Yemeni na Omani, yakaendelea mpaka anga ya India, na huko safari za ndege zikafutwa. Habari zilizotufikia huku zilikuwa za viwanja vya ndege. Wafugaji wa Afar, ambao malisho yao yalifunikwa na majivu, walitajwa kwa sentensi moja au mbili. Kuku sikuwasikia wakitajwa kabisa.

Mwaka 2010 ilikuwa hivyo hivyo. Mlima Eyjafjallajökull wa Aisilandi ulipolipuka, safari takribani 100,000 zilifutwa Ulaya, na hata maua ya jirani zetu wa Kenya yakakwama kwa kukosa ndege za kuyapeleka sokoni. Dunia ina vituo tisa vya kutoa tahadhari ya majivu kwa marubani. Afrika inahudumiwa na kituo cha Toulouse, Ufaransa. Sipingi hilo hata kidogo. Majivu yakiingia kwenye injini yanayeyuka, yanaganda, na injini inaweza kuzima. Ninachouliza ni hiki: huyu ndege mwingine, mwenye manyoya, nani anampa tahadhari?

Msimamo wangu ni huu. Majivu yakianguka, kuku na ndege wote wafugwao ni miongoni mwa wa kwanza kuumia, lakini katika mipango yetu ni wa mwisho kukumbukwa, au hawamo kabisa. Hili ni kosa la kitaalamu, na ni kosa la kiuchumi kwa kaya ambazo ada ya shule, dawa na sukari ya mwezi vinatoka kwenye trei la mayai. Visingizio vinavyolilinda kosa hili ninavisikia kila ninapotembelea wafugaji. Leo nitavijibu kimoja kimoja, kisha nieleze la kufanya.

Kwanza: inatuhusu vipi sisi wa Moshi?

Mlima wetu umelala. Shughuli kubwa ya mwisho ya Kibo inakadiriwa kuwa miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita, ingawa mvuke wenye harufu ya kiberiti bado hutoka kule juu kwenye kreta. Sisemi Kibo italipuka kesho. Asije mtu akasambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba afisa ugani katangaza volkano.

Lakini hatuishi peke yetu. Meru iko kilomita 65 hivi kutoka mjini Moshi, na ilitoa majivu kidogo mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, uko takribani kilomita 170 kutoka hapa na haujalala. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na mara ya mwisho 2007 hadi 2008. Katika mlipuko wa 1966 majivu yalifika Seronera, kilomita 130 hivi upande wa magharibi.

Kwa nini hatukuyapata sisi? Kwa sababu kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa juu unatoka mashariki, ukayapeleka majivu upande wa Ngorongoro na Serengeti. Yaani kilichotuokoa ni upepo. Na wewe mkulima wa kahawa unajua kuliko mimi kwamba upepo hauna mkataba na mtu.

Tena kuna jambo la kutia moyo katika habari ya mwaka 2007. Mlima haukushtukiza. Julai ya mwaka ule ardhi ilitetemeka mfululizo karibu na mlima Gelai, na tarehe 17 Julai tetemeko la ukubwa wa 5.9 likasikika hadi Nairobi. Mlipuko mkubwa ulianza mwanzoni mwa Septemba. Hapo katikati kuna wiki saba. Kwa wiki saba mtu anaweza kuziba banda, kununua pumba, kutafuta ndoo yenye mfuniko na kuchanja. Muda ulikuwepo. Wa kumwambia mwenye kuku autumie ndiye anayekosekana.

Kuku hapumui kama wewe

Hapa ndipo msingi wa hoja yangu ulipo, kwa hiyo soma taratibu.

Wewe ukivuta pumzi, mapafu yanapanuka, ukitoa, yanasinyaa. Mapafu ya kuku hayafanyi hivyo. Ni madogo, yamebana kwenye mbavu na karibu hayatanuki. Kazi ya kuvuta na kusukuma hewa inafanywa na mifuko ya hewa, na kuku ana mifuko tisa ya aina hiyo, mingine ikiwa imeingia hadi ndani ya mifupa. Hewa inapita kwenye mapafu kwa kuelekea upande mmoja, na ngozi inayotenganisha hewa na damu ni nyembamba sana. Ndiyo maana ndege anaweza kuruka juu kwenye hewa hafifu ambako mtu angezimia.

Lakini uwezo huo una gharama yake. Sehemu kubwa ya hewa anayovuta inakwenda kwanza kwenye mifuko ya nyuma, kabla ya kupita kwenye mapafu. Vumbi laini linalopenya puani na kooni linafika huko moja kwa moja. Na mifuko ile ina mishipa michache ya damu na haina uwezo mzuri wa kujisafisha. Uchafu ukishafika, unakaa. Bakteria wakiufuata huko, dawa nayo inafika kwa shida. Mfugaji yeyote aliyewahi kutibu mafua sugu ya kuku anajua ninachosema: unanunua dawa, kuku anapata nafuu, baada ya wiki anakoroma tena.

Ongeza hapo kwamba kuku mkubwa huvuta pumzi mara 20 hadi 35 kwa dakika, wakati mtu mzima ni mara 12 hadi 20. Ongeza kwamba pua yake iko sentimita chache kutoka ardhini, pale pale vumbi linapotimuliwa, na kwamba analitimua yeye mwenyewe kwa kuparua. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na ndege wadogo wa kenari hadi mwaka 1986, kwa sababu hewa ikichafuka ndege anaanguka kabla ya mtu. Watu wale walijua kwamba ndege ndiye wa kwanza kuumia. Sisi tunapanga kana kwamba ndiye wa mwisho.

Na majivu ya volkano si masizi wala si unga. Ni vipande vidogo vya mwamba na vioo vilivyosagika, vyenye kingo kali. Vinakwaruza jicho, kuku anafumba, anavimba kope, halioni punje wala bakuli la maji. Vinaingia kwenye manyoya na kunyonya yale mafuta anayojipaka kwa mdomo kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Manyoya yakikosa mafuta hayazuii baridi wala mvua, na kwa wafugaji wa Marangu juu, Kibosho au Uru Kaskazini, baridi ya Juni na Julai inatosha kumaliza vifaranga. Kisha, kwa kuwa kuku hujisafisha kwa mdomo, kila punje anayoitoa kwenye manyoya anaimeza. Gole linajaa kitu kisicho chakula, na firigisi inasaga vioo.

Kisingizio cha kwanza: "Udongo wetu wenyewe ni majivu ya volkano"

Hiki ndicho ninachokisikia zaidi, na kinasemwa na watu wenye akili kabisa. Wanasema: kihamba chetu kimestawi kwa sababu ya volkano, kuku wanaoga kwenye udongo huo kila siku, sasa majivu yatawafanya nini?

Ni kweli kwamba rutuba yetu imetokana na volkano. Hata majani mafupi ya Serengeti yanayowalisha nyumbu yameota juu ya majivu ya milima ya Ngorongoro, Lengai ukiwemo. Lakini kati ya majivu na udongo kuna kitu kinaitwa muda. Udongo wa Machame au wa Old Moshi umenyeshewa, umeoza na kuchanganyika na majani kwa maelfu ya miaka. Kingo kali zimelika, na chumvi zilizokuwa juu ya punje zimesombwa na maji. Majivu mapya yanaanguka yakiwa na kingo zake zote na chumvi zake zote. Kusema ni kitu kimoja ni sawa na kusema samadi mbichi na mboji ni kitu kimoja. Weka samadi mbichi ya kuku kwenye shina la mchicha uone kama utavuna.

Tena majivu ya huku kwetu yana tabia yake. Nenda Laetoli, Ngorongoro. Takribani miaka milioni 3.6 iliyopita mlima ulimwaga majivu, mvua ikanyesha, viumbe wakapita, na majivu yakaganda kama saruji. Nyayo zao zipo mpaka leo. Watu wote wanazijua nyayo za binadamu wa kale zilizotangazwa na Mary Leakey, lakini pale pale zipo pia nyayo za kanga. Ndege wa jamii ya kuku, nyayo zake zimeganda kwenye mwamba. Sasa fikiria majivu ya aina hiyo, yameloa umande, yako kwenye mabawa ya tetea wako au kwenye pua ya kifaranga. Kinachogandisha unyayo kinaweza kuganda kwenye manyoya pia.

Kuna na majivu ya tatu: ya jikoni. Kina mama wengi huweka majivu makavu ya kuni kwenye shimo la kuogea kuku ili kupunguza chawa na utitiri. Sina ugomvi na desturi hiyo, yakiwa kiasi, yamepoa, yamechanganywa na mchanga na yako nje penye hewa. Lakini mtu asichukue majivu ya volkano au unga wa mwamba uliosagwa akasema "ni yale yale". Si yale yale. Ukiuziwa unga wa mwamba kwenye mfuko usio na lebo ukaambiwa ni madini ya kuku, mrudishie mwenyewe.

Kisingizio cha pili: "Mbona ndege wa porini wanaishi tu?"

Mfano unaotolewa ni heroe, ambao wengi tunawaita flamingo. Ziwa Natron liko miguuni pa Lengai, na heroe wadogo takribani robo tatu ya wote waliopo duniani huanguliwa hapo. Kama volkano ni mbaya kwa ndege, wanafanya nini pale?

Jibu ni kwamba heroe ameumbwa kwa ajili ya magadi. Ana tezi za kutoa chumvi mwilini, miguu yake inavumilia maji yanayobabua ngozi ya mtu, na kiota chake ni kichuguu cha tope kinachoinua yai juu ya maji yale. Kuku hana hata kimoja kati ya hivyo. Na la muhimu zaidi, heroe ana mabawa ya safari. Mambo yakiharibika Natron anaondoka, anakwenda Manyara, Bogoria au Nakuru. Kuku wako akizungukwa na majivu anakwenda wapi? Anakwenda chini ya mgomba. Ndege wa porini ana mabawa. Kuku ana wewe tu.

Na si kweli kwamba wa porini hawaumii. Mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, wataalamu walibaini kwamba majivu yanakwangua ile nta inayofunika mwili wa mdudu, mdudu anapoteza maji na kufa. Wadudu wakifa, ndege wanaowala wanakosa cha kulisha makinda. Kisiwa cha Montserrat, huko Karibea, kimekuwa na milipuko tangu 1995, na ndege wake mmoja wa manjano na mweusi, asiyepatikana kwingine duniani, alipoteza sehemu kubwa ya msitu wake. Sasa jiulize: kuku wa kienyeji anayejitafutia anakula nini? Panzi, mchwa, kumbikumbi, minyoo. Majivu yanamlaza njaa hata asipoyavuta.

Kisingizio cha tatu: "Kuku wa kienyeji ni mgumu"

Neno hili limeua kuku wengi kuliko mwewe na kicheche. Kuku wa kienyeji ni mgumu kwa maana moja: anajua kujitafutia, anaatamia na anamkimbia adui. Lakini mapafu yake ni yale yale ya kuku wa mayai wa kizungu. Mifuko ya hewa ni ile ile tisa. Ugumu wake hauchuji vumbi.

Ukweli ni kwamba "mgumu" imekuwa lugha ya heshima ya kusema "sitaki kumgharamia". Kuku hana banda, analala juu ya mti, hana chombo cha maji, anakunywa kwenye tope la mfereji, hajachanjwa mdondo. Siku za kawaida anavumilia. Siku majivu yakianguka, mambo haya matatu yanakutana: amelala nje, anakunywa maji yenye majivu, na njia ya hewa iliyokwaruzwa inafungua mlango kwa magonjwa. Nusu ya kundi linakufa, na mwenye kundi anasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu amesingiziwa mengi.

Kisingizio cha nne: "Tuokoe ng'ombe kwanza, hao ni kuku tu"

Hapa nitasema ukweli wote, hata ule usionisaidia. Sumu kubwa inayoambatana na majivu ni floridi, na kwa floridi ng'ombe, mbuzi na kondoo wako hatarini kuliko kuku. Aisilandi mwaka 1783 mlipuko wa Laki uliua takribani nusu ya ng'ombe na zaidi ya robo tatu ya kondoo wa nchi nzima, na floridi iliyoanguka kwenye majani ilichangia sana. Kuku huvumilia floridi zaidi. Mwenye ng'ombe wa maziwa wa kukatia majani ana sababu ya kuhangaika, na ayasuuze majani yake.

Lakini hoja ya "kwanza" inasikika vizuri tu kama kazi mbili zinagombania mikono ile ile. Hazigombanii. Kuingiza kuku kumi bandani na kufunika chombo cha maji ni kazi ya nusu saa, anaweza kuifanya mtoto wa darasa la tano wakati baba anashughulika na zizi. Na "kuku tu" ni ya nani? Katika kaya nyingi za huku ng'ombe ni wa baba na kuku ni wa mama au wa kijana. Tukisema "ng'ombe kwanza, kuku baadaye", mara nyingi tunasema pato la nani lilindwe na la nani liachwe. Tuliseme hivyo waziwazi basi, tusijifiche nyuma ya utaalamu.

Na maji hayachagui mnyama. Mji wa Goma, chini ya Nyiragongo, watu wengi hutegemea maji ya mvua ya paa, na moshi wa volkano huyachafua kwa floridi kabla hayajafika kwenye tenki. Sisi nasi tuna matenki chini ya gata. Wengine wataniambia watachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi. Wenzetu wa maeneo yenye floridi upande wa Meru wanalijua hili, ndiyo maana kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi juu ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Sasa fanya hivi

*Kabla, yaani wiki hii:*

- Kuku wote wawe na banda la kulala, hata la mabanzi na udongo. Kwa dharura ya siku chache, mita moja ya mraba inatosha kuku watano wa kienyeji. Nguzo za paa ziwe imara: majivu makavu ya unene wa sentimita moja yanaweza kufika kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na yakiloa uzito unaweza kufika mara mbili.
- Kuku mkubwa anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku kumi kwa siku tano ni kilo 6 za chakula. Maji ni lita 2 hadi 3 kwa siku kwa hao kumi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye mfuniko inawatosha.
- Chanja mdondo kwa ratiba, chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Usisubiri volkano.
- Andaa magunia safi au mashuka makuukuu ya kuziba madirisha, na barakoa kwa ajili yako.

*Majivu yakitangazwa au yakianza kuanguka:*

- Ingiza kuku ndani mapema, wenye vifaranga wakitangulia. Toa bomba la gata kwenye tenki ili maji ya paa yasiingie.
- Ziba upande unaotoka upepo kwa gunia lenye unyevu kidogo. Upande wa pili acha upenyo juu. Kuku hatoki jasho, hupoa kwa kuhema. Ukifunga kila tundu utawaua kwa joto ukidhani unawalinda.
- Vyombo vya chakula na maji viwe ndani. Badilisha maji mara ukiona utando wa kijivu.
- Usifagie banda likiwa kavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza. Maranda yenye vumbi yatoe.

*Baada ya majivu kutulia:*

- Usiwafungulie kwa furaha. Kwanza kusanya majivu ya eneo la banda, yaliyonyunyiziwa kidogo, uyafukie mbali na mfereji na kisima.
- Manyoya yapanguse makavu kwa kitambaa laini au brashi. Usiwaogeshe kuku, majivu yakiloa yananata, na kuku aliyeloa anapata baridi.
- Macho yaoshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Usiweke maziwa, wala maji ya tumbaku, wala dawa ya ng'ombe.
- Endelea kuwalisha ndani kwa siku kadhaa mpaka mvua isombe majivu, kwa kuwa wadudu watakuwa wachache.
- Kuku akikoroma usikimbilie antibayotiki. Antibayotiki haiondoi vumbi. Lakini pia usisingizie majivu kila kitu: ukiona shingo imepinda, kinyesi cha kijani na vifo vya haraka, huo unaweza kuwa mdondo. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa mifugo wa kata.
- Mifupa ya ng'ombe waliokula majani yenye majivu isisagwe kuwa chakula cha kuku. Floridi hukaa kwenye mifupa.

Mtu asiseme hizi ni gharama za volkano ambayo huenda isije. Banda, chombo chenye mfuniko na chanjo vinamlinda kuku dhidi ya vumbi la kiangazi la Kahe na Mabogini, dhidi ya kicheche, dhidi ya mdondo. Lengai usipolipuka tena miaka hamsini, hujapoteza shilingi.

Ninachodai

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka maafa yapangiwe kabla hayajatokea, na kamati zipo kutoka ngazi ya mkoa kushuka hadi chini. Vizuri. Nadai mambo matatu.

Moja, kila kamati ya kijiji iandike kuku kwa jina. Isiandike "mifugo" na kuishia hapo, kwa sababu sote tunajua neno hilo likisomwa kikaoni kila mtu anaona ng'ombe. Iandike kaya ngapi zina kuku, ngapi hazina banda, na nani atapita kuwaambia.

Mbili, taarifa ya Taasisi ya Jiolojia na ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikifika mkoani, ishuke hadi kwa mama mwenye kuku wanane. Iseme upepo unaelekea wapi, majivu yanatarajiwa lini, ingiza kuku ndani. Maneno hayo yanaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu, na kipaza sauti cha msikiti au cha kanisa kinatosha kuyasema.

Tatu, wenzangu wa ugani, tuache kufundisha ufugaji wa kuku kana kwamba hewa ni bure na ni safi siku zote. Tunafundisha chakula, chanjo na minyoo. Tuongeze hewa. Mfugaji akijua kuku anavyopumua, ataelewa mwenyewe kwa nini moshi wa jiko usipitie bandani, kwa nini maranda yenye vumbi ni adui, na kwa nini siku anga likigeuka kijivu hapaswi kusubiri kuambiwa.

Rubani akiambiwa kuna majivu mbele, hageuki kuuliza kama ndege yake ni ngumu. Anageuza njia. Kuku wako hawezi kugeuza njia. Leo jioni, kabla hawajapanda juu ya ule mti wa parachichi, hesabu ni wangapi hawana mahali pa kulala, uanze na hao. Ukikwama kwenye ramani ya banda au ratiba ya chanjo, muone afisa ugani wa kata yako. Kazi yake ni hiyo na huduma ya ushauri hailipiwi.

Tufuge vizuri.